Usimpe mgeni jina la mgahawa, mpe sahani na saa yake

SWALI: "Nimehamia Tanga mwaka jana kikazi, nakaa Chumbageni. Tuko marafiki saba tuliosoma pamoja, sote wapenzi wa chakula, na kila mwaka tunatembeleana kwa ajili ya kula tu. Mwezi uliopita walikuja kwangu. Niliwapeleka kwenye mgahawa mdogo wa Ngamiani ambako mimi hula mchana karibu kila siku, wali wa nazi na nguru wa kupaka. Tulifika Jumamosi saa 2 usiku. Wali ulikuwa mkavu, mchuzi umekatika, na kabla saa moja haijapita mwenzetu mmoja akaanza kuwashwa mwili mzima, uso unamchoma kama amekaa mbele ya jiko, kichwa kinagonga. Asubuhi alikuwa mzima, lakini ameapa kuwa ana aleji ya samaki na hatakula tena. Wanarudi Desemba kwa siku tatu na wanataka niwaandikie orodha ya migahawa ya kawaida, si ya watalii. Je, ule mgahawa umeharibika? Nitajuaje sehemu za uhakika? Na huyu mwenzetu ale nini?"

JIBU: Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, kwako mgeni alikuja akaugua na mwenyeji akabaki na aibu. Ipunguze hiyo aibu. Kwa ulivyoeleza, mgahawa wako huenda haujaharibika hata kidogo, na mwenzenu huenda hana aleji ya samaki. Wali mkavu, mchuzi uliokatika na mwili kuwasha vyaweza kuwa na mzizi mmoja: mliingia saa 2 usiku kwenye jiko linaloishi mchana. Ulipendekeza mahali. Tanga, na pwani nzima kwa kweli, mahali peke yake hapatoshi. Mgahawa uleule una vyakula viwili vinavyoishi saa tofauti, na kimojawapo ukikikuta nje ya saa yake utadhani umekosea mlango.

Tuanze na mgonjwa, maana hilo ndilo lenye hatari.

Nguru, jodari, vibua na dagaa wana histidini nyingi katika nyama yao. Histidini ni sehemu ya protini, haina ubaya wowote. Lakini samaki akishakufa na kuachwa kwenye joto, bakteria wanaotoka kwenye matamvua na matumbo huigeuza kuwa histamini, na histamini ndiyo kemikali ileile ambayo mwili huitoa mtu anapopata mzio. Ndiyo maana dalili zinafanana mpaka watu wanachanganya: kuwashwa, uso kupata joto (kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, mtu huhisi moto tu), kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, wakati mwingine kutapika na kuharisha. Huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili baada ya kula, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Mwenzenu aliamka mzima. Inaendana.

Kwenye joto la Tanga kazi hiyo ya bakteria haihitaji siku nzima. Nguru aliyelala kwenye ndoo bila barafu tangu asubuhi aweza kuwa na histamini ya kutosha kumwangusha mtu ifikapo alasiri, na bado asinuke. Hapa ndipo wapishi wazuri wanapojidanganya. Husema, "Tulimkaanga vizuri, tukamweka ndimu na pilipili ya kutosha." Moto huua bakteria, lakini histamini iliyokwisha kutengenezwa haifi, ilikuwepo kabla ya kikaango na itakuwepo baada yake. Ndimu haiitoi, friza haiitoi. Kinachozuia ni barafu tangu samaki anapotolewa majini: kwa joto la pwani, kilo 1 ya barafu kwa kila kilo 1 ya samaki, waliopangwa tabaka kwa tabaka, na maji ya barafu iliyoyeyuka yapate njia ya kutoka. Barafu kiganja kimoja juu ya beseni la samaki ni pambo.

Utauliza mbona ninyi wengine hamkuwashwa. Histamini haisambai sawasawa ndani ya samaki mmoja. Kipande cha karibu na tumbo chaweza kuwa nayo nyingi na cha mkiani kidogo. Tena huenda hamkula samaki mmoja. Nguru huuzwa kwa vipande.

Mzio wa kweli una tabia nyingine. Hurudi kila mtu akila aina ileile, hata kipande kidogo, hata samaki aliyevuliwa muda huohuo. Kama mwenzenu amekula nguru miaka yote bila shida na hii ni mara ya kwanza, histamini ndiyo mshukiwa mkubwa. Lakini hilo lisithibitishwe mezani kwa kumlisha tena "tuone". Kabla ya Desemba aende kwa daktari huko aliko, aeleze ni samaki gani, alikula saa ngapi, dalili zilianza baada ya dakika ngapi na zilikwisha lini. Maelezo hayo manne humsaidia daktari kuliko neno "aleji". Na ikitokea tena kwa yeyote, dawa za mzio kama setirizini kwa kawaida hutuliza, kwa ushauri wa mfamasia. Maziwa ambayo kila mtu hukimbilia hayaondoi chochote. Akianza kubanwa pumzi, ulimi au midomo ikavimba, sauti ikabadilika, au akaishiwa nguvu na kutaka kuanguka, hakuna cha kusubiri wala kubishana: ni hospitali mara moja, na kwa mjini Tanga hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, upande wa baharini. Wakiugua wawili au zaidi waliokula sahani moja, mjulisheni bwana afya wa kata. Si kwa kumkomoa mama wa watu. Kuna wateja wengine wa kesho.

Sasa mgahawa.

Jiko la mama ntilie wa Ngamiani, au la hoteli ndogo ya mchana, huamka kabla ya jua. Nazi hukunwa asubuhi, tui la kwanza lile zito huwekwa kando, la pili na la tatu hutangulia kwenye sufuria. Wali huwa tayari kama saa 5 na nusu, mchuzi unakolea saa 6, na kati ya saa 6 na nusu na saa 8 mchana hapo ndipo chakula kipo kwenye ubora wake. Baada ya saa 8 mpishi hapiki tena, anauza kilichobaki. Saa 2 usiku mlikula mabaki ya saa 6 mchana, yaliyopashwa moto.

Kwa wali hilo si suala la ladha tu. Mchele una chembe sugu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, chembe huamka, huzaliana, na baadhi hutoa sumu ya kutapisha ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali wa nazi hauna nafuu: una unyevu na lishe ya kuwatosha, tena tui lenyewe huchacha upesi. Wali uwe wa moto wa kutoa mvuke, au uwe umeivishwa ndani ya muda wa saa 2. Ukiletewa wali wa vuguvugu jioni, acha, agiza chapati.

Mchuzi kukatika nako kuna sababu yake. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini za nazi. Likichemka kwa fujo bila kukorogwa, protini huganda, mafuta hujitenga, na unaona matonge meupe yanaelea juu ya maji ya manjano. Ndiyo maana mpishi wa pwani husimama na mwiko, anakoroga polepole kuelekea upande mmoja mpaka tui lichemke, kisha anapunguza moto; na ukwaju au ndimu huingia mwishoni, kwa kuwa uchachu nao hukata tui. Mchuzi uliopikwa vizuri mchana unaweza kukatika usiku kwa kupashwa tu. Kwa hiyo matonge uliyoyaona si ushahidi kwamba mpishi wako hajui. Ushahidi mbaya zaidi ni mchuzi mzito mno usio na chembe ya mafuta juu, unaotengeneza ngozi ukipoa na kunata kwenye kijiko: huo umezidishiwa unga, nazi imepigiwa hodi tu.

Kuna dhana nyingine niliyoisikia ndani ya swali lako ingawa hukuiandika: kwamba "sehemu ya uhakika" ya samaki ni ile iliyo karibu na maji. Si lazima. Samaki wengi wa mjini Tanga hushushwa diko la Deep Sea, na wengine madiko ya Sahare na Mwambani. Wananunuliwa kwa mnada, na anayelipa vizuri na mapema ndiye anayepata. Kibanda cha Ngamiani kinachotuma mtu Deep Sea kila alfajiri na kununua kilo 6 za kuisha siku ileile kinaweza kuwa na samaki mbichi kuliko mgahawa wenye upepo mzuri wa Raskazone unaonunua kilo 60 mara moja kwa wiki. Wala friza si dhambi. Nguru aliyegandishwa siku ileile akiwa mbichi ni salama kuliko "fresh" aliyezunguka na baiskeli bila barafu mpaka saa 7. Hapa mimi niko upande wa friza kabisa, ilimradi samaki ayeyushwe ndani ya jokofu na si kwenye beseni juani. Usiulize "ni fresh?", kwa kuwa jibu ni ndiyo daima. Uliza, "Leo mmepata samaki gani, na mmenunua wapi?" Mpishi aliyenunua mwenyewe atajibu mara moja na kwa jina: tasi, changu, pono, kolekole. Asiyejua atasema "samaki."

Ukiruhusiwa kuona samaki mzima, tazama jicho lililotuna na kung'aa, matamvua mekundu yasiyo na ute wa kahawia, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Akishakaangwa alama hizo zimepotea, zimebaki mbili: nyama ya nguru au jodari yenye vitundu vitundu kama sega la nyuki, na ladha ya kuwasha ulimi kama pilipili manga wakati hakuna pilipili. Ukikuta mojawapo, tema, sukuma sahani, waambie na wenzako waache.

Na kwenye kabati la kioo lenye samaki wa kukaanga uliza swali moja tu: "Hawa wamekaangwa saa ngapi?" Wengi hukaangwa asubuhi na kurudishwa kwenye mafuta jioni ili wapate sura mpya. Mafuta meusi yenye povu linalokataa kutulia na moshi unaochoma macho yametumika kupita kiasi. Hata muhogo wa kukaanga hapo utanuka samaki wa juzi.

Jambo ambalo orodha nyingi za wapenda chakula huliacha ni bahari yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Kusi linapovuma, tangu Aprili au Mei hadi karibu Septemba, ngalawa na mitumbwi haiendi mbali, samaki hupungua na bei hupanda. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Katikati ni tangambili, pepo zinapolegea na bahari kutulia. Desemba yenu inaangukia kaskazi: kuna joto kali, kwa hiyo suala la barafu ni zito zaidi, na kuna watu wa sikukuu, kwa hiyo bei haitakuwa ya mwezi uliopita.

Ndani ya mwezi kuna bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi, karibu saa 4 au saa 5, miamba inabaki wazi, na watu hutembea kwa miguu kutafuta pweza. Pweza aliyechokolewa saa 5 hufikia sufuria alasiri, na supu yake iko tayari jioni. Sasa unaelewa kwa nini supu ya pweza ni chakula cha machweo. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, pweza wa kutafutwa kwa miguu ni haba na wengi unaowakuta wametoka friza. Usiwakatae kwa hilo. Baridi hulainisha nyama ya pweza, sawa na kumponda kwa gogo. Dagaa nao huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo wiki ya mwezi mpevu huadimika. Ukiunganisha yote mawili utaona kwamba siku zinazofuata mwezi kuandama zina pweza wa bamvua na dagaa wa giza kwa pamoja. Kama tarehe za wageni bado zinaweza kusogezwa, zisogeze hapo.

Pweza mwenyewe hapikwi kwa haraka. Wa kilo 1 huhitaji dakika 45 hadi saa nzima, kwa maji kidogo sana kwa kuwa hutoa ya kwake, na atabaki chini ya nusu kilo. Ukimtafuna kama mpira, hajaiva tu, au amekatwa vipande mapema ili auzwe haraka. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, hivyo ukiona vichwa vidogo kama ndimu kwenye sinia, usimpe huyo muuzaji sifa kwenye orodha yako. Kwenye meza za pweza angalia pia bakuli la chumvi na pilipili: kama kila mteja anachovya kijiti kilichotoka mdomoni, omba umiminiwe yako pembeni. Hakuna atakayekasirika.

Asubuhi ni saa ambayo wageni huipoteza kwa kulala, nayo ndiyo Tanga inapopika vizuri kuliko wakati wowote. Maandazi na mbaazi za nazi, vitumbua, mkate wa ajemi, chai ya maziwa. Mkate wa ajemi ni mwembamba na hauna mafuta mengi ya kuushikilia unyevu, kwa hiyo ukitoka kwenye tanuri una muda wa saa moja hivi kabla haujawa ngozi. Aliyekwambia mkate fulani ni mgumu, muulize aliununua saa ngapi. Kitumbua kizuri kimekauka pembeni na kati kinabonyea, kikinukia iliki. Kikinukia uchachu mkali, unga umelala na hamira kupita kiasi. Mbaazi zionekane nzima na mchuzi ushikane nazo. Saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi, Ngamiani au pembeni mwa soko la Mgandini, mtakula kwa pesa ndogo mshangae.

Kuna sahani moja ambayo wageni wa bara hawaijui, nayo ni bada, ugali wa unga wa muhogo mkavu. Huliwa ya moto na samaki wa mchuzi au kisamvu, au mchunga kwa wanaopenda uchungu. Ikipoa huvutika kama gundi na mgeni atakucheka. Hupikwa zaidi majumbani, kwa hiyo usitegemee kuikuta mezani. Mwombe mama ntilie siku moja kabla. Biriani itafute Ijumaa mchana, baada ya swala, maana wengi hufunga wakati wa swala yenyewe. Ukiandika orodha ya kudumu, taja pia kwamba mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya mchana hufungwa na mambo huhamia futari. Usiku waache migahawa ya wali. Usiku ni wa mishkaki, muhogo wa kuchoma kwa chachandu, kuku wa mkaa, chipsi mayai, vitu vinavyopikwa mbele yako mbichi hadi kuiva. Kisha kahawa chungu na kashata barazani. Juisi ya miwa ni nzuri, ila iombe bila barafu usipojua barafu imetoka wapi, kwa kuwa mabonge yanayogandishwa kwa ajili ya samaki huwa yanafika pia kwenye jagi.

Mtu akiwanong'oneza habari ya nyama ya kasa, kwa kuwa wapenda chakula hupenda kujaribu vya ajabu, ikataeni moja kwa moja. Sheria inamlinda, na sumu yake haiishi kwa kupikwa: Machi 2024 watu tisa, wanane wakiwa watoto, walifariki kisiwani Panza, Pemba, baada ya kula kasa.

Kosa lako jingine, dogo, ni idadi. Watu saba wakiingia ghafla kwenye jiko dogo wanalivuruga. Kilo 1 ya mchele hutoa sahani tano au sita za kushibisha. Mpishi anayepika kilo 5 kwa wateja wake wa kila siku hana nafasi ya saba wa ziada. Atakimbilia kupika wali wa pili kwa haraka, tui la kuongezea maji, na samaki yeyote aliyebaki. Nenda jana yake saa 9 alasiri, akiwa amepumzika. Mwambie: watu saba, kesho saa 7 kamili, kilo 1 na nusu ya mchele, nazi tatu, samaki saba wa gramu 300 hadi 400 kila mmoja, tasi au changu. Muulize bei, lipa nusu. Hapo atanunua samaki wenu Deep Sea alfajiri kwa pesa yenu, badala ya kukisia. Na mfike saa 7. Mkifika saa 8 na nusu mmerudi kulekule.

Orodha yenyewe basi isiwe safu ya majina. Kila mstari uwe na sahani, siku, saa, namna ya kuagiza, bei na tarehe uliyoilipa, na jambo moja ambalo hapo si zuri. Hilo la mwisho ndilo litakalowafanya wakuamini. Kwa mfano: "Ngamiani, kwa mama mwenye benchi nje. Wali wa nazi na tasi wa kukaanga, saa 6 na nusu hadi saa 8, si Jumapili. Zaidi ya wanne, agiza jana. Kisamvu kizuri sana. Maharage ruka. Jioni usiende." Mstari huo unamtosha mtu asiyejua hata barabara za namba za Ngamiani zinaanzia wapi. Na usimpendekeze mpishi uliyekula kwake mara moja. Nenda mara tatu, angalau moja bila njaa. Njaa ni mpishi hodari na huharibu ushahidi. Ukirudi ukakuta mpishi amebadilika, futa mstari, hata kama benchi na bati ni yaleyale.

Mgahawa wako wa mchana nao urudishe kwenye orodha, ila kabla ya hapo nenda saa 7 ukamwambie mwenyewe, kwa adabu na si mbele ya wateja, kilichompata mgeni wako. Uliza nguru huwekwa wapi kuanzia anaponunuliwa mpaka anapokaangwa. Akikuonesha sanduku la barafu, mambo yamekwisha. Akicheka na kusema "samaki wa Tanga haharibiki," kuleni kwake kisamvu na kuku.

Kwa mwenzenu, akiwa amepata ruhusa ya daktari, mwanzieni na tasi, changu au pono, samaki wasio na histidini nyingi kama nguru na jodari, tena mzima aliyekaangwa mkiona, mchana. Nguru, vibua na dagaa aviache safari hii. Daktari akimwambia ni mzio wa kweli, basi hata mafuta yaliyokaangia samaki si yake: muhogo na viazi vyake vitoke kwenye kikaango kingine, na hilo mlitamke wakati wa kuagiza, siku moja kabla, pamoja na idadi ya sahani.